Q Imenibakia Mkononi: Maneno Mafupi ya Kiingereza na Herufi Ngumu za Scrabble

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nina umri wa miaka 29, ni karani wa hesabu katika ofisi moja mjini Tanga, na kila Ijumaa baada ya kazi tunacheza Scrabble, ule mchezo wa kupanga kete za herufi ubaoni ziunde maneno ya Kiingereza, mimi na wenzangu. Kiingereza nimekisoma hadi chuo, na barua za ofisi naziandika mimi, lakini karibu kila wiki nafungwa na kaka mmoja wa stoo aliyeishia kidato cha nne. Mara anaweka QI, mara XU, mara ZO, na akiulizwa maana anacheka tu. Wiki iliyopita alimaliza kete zake mimi nikiwa nimebakiwa na Q na V, akanishinda kwa alama 19. Nimepakua programu ya kutafuta maneno yenye herufi fulani. Nikiandika Q inanimwagia mamia ya maneno, na nikifika mezani sikumbuki hata moja. Je, maneno hayo ni Kiingereza kweli, au tunachezewa? Na mtu atayakumbukaje?"

Marahaba, binti yangu. Swali lako lina maswali matatu ndani yake, na la nne hukulitaja ingawa ndilo linalokuuma zaidi: inakuwaje mtu mwenye Kiingereza kizuri afungwe na mwenye Kiingereza kidogo? Nitaanza na hilo la nne, kwa sababu ukilielewa mengine yatakuwa mepesi.

Kwanza tupige hesabu ya Ijumaa iliyopita, maana wewe ni mtu wa hesabu. Q ina alama 10 na V ina alama 4. Mwenzako alipomaliza, alama zako 14 zilitolewa kwenye jumla yako na kuongezwa kwenye jumla yake, kwa hiyo pengo lilisogea kwa alama 28. Umesema alikushinda kwa 19. Maana yake ni kwamba kabla ya hesabu ya mwisho wewe ndiye uliyekuwa ukiongoza, kwa alama 9. Kama ungekuwa umeitua Q peke yake mapema, hata mahali pabaya kabisa, mchezo ungekuwa wako. Hukushindwa kwa upungufu wa Kiingereza. Ulishindwa kwa kutojua neno moja la herufi mbili.

Watu wengi hudhani Scrabble ni mtihani wa lugha, na hapo ndipo msomi anapoumia. Mchezo huu unapima namna mtu anavyoijua orodha fulani ya maneno na anavyoziona herufi zikijipanga. Orodha inayotumiwa katika mashindano ya sehemu kubwa ya dunia, Afrika ikiwemo, ni ile ya Collins, wachapishaji wa kamusi wa Uingereza, na toleo lake la mwaka 2019 lina maneno 279,496. Hakuna Mwingereza anayeyajua yote kwa maana zake, wala hahitaji kuyajua. Mwaka 2015 Nigel Richards, mchezaji kutoka New Zealand, alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa bila kuzungumza Kifaransa. Alikuwa amekariri orodha yao kwa wiki chache. Mwaka huohuo Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa Kiingereza, huko Perth nchini Australia, na magazeti ya nje yaliandika kwa mshangao jinsi timu ya Nigeria ilivyotilia mkazo maneno mafupi badala ya kukimbilia marefu. Kwa hiyo kaka wa stoo hakuchezei. QI, XU na ZO zote zimo katika orodha ya Collins. QI ni nguvu ya uhai katika falsafa ya Kichina, XU ni sarafu ndogo ya Vietnam, na ZO ni mnyama aliyezaliwa na yaki na ng'ombe huko Tibet. Akiulizwa maana anacheka, nadhani, kwa sababu haijui, na kanuni hazimtaki aijue.

Sasa umeuliza kama huo ni Kiingereza kweli. Jibu la uaminifu ni kwamba ni Kiingereza cha kamusi, na sababu inafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo itakayokusaidia kukumbuka. Tahajia ya Kiingereza ina tabia moja ambayo walimu wetu hawakututajia darasani: maneno yenye maana nzito, yaani majina, vitenzi na sifa, hayapendi kuandikwa kwa herufi chini ya tatu. Herufi mbili zimeachiwa vijineno vya kuunganisha, kama IN, BE, BY, TO, SO na OR. Tazama jinsi neno zito linavyojiongezea herufi ili lisifanane na vijineno hivyo: INN ni nyumba ya wageni, BEE ni nyuki, BYE ni kwaheri, TWO ni mbili, ORE ni mawe ya madini. Ndiyo sababu vilevile Kiingereza kinaandika ADD, ODD, EGG, EBB na ERR kwa kurudia konsonanti ambayo sikio halihitaji kuisikia mara mbili. Hata shoka, ambalo Wamarekani huliandika AX, Waingereza walizoea kuliandika AXE.

Kwa tabia hiyo, maneno ya herufi mbili ambayo mtu wa kawaida huyatumia kwa maandishi hayazidi thelathini na kitu. Lakini orodha ya Collins ya mwaka 2019 ina 127. Yaliyobaki yameingia kupitia milango ya pembeni. Mengine ni majina ya herufi: EF, EL, EM, EN, ES na AR ni majina ya herufi za Kiingereza, na MU, NU, XI na PI ni za Kigiriki. Mengine ni noti za muziki: DO, RE, MI, FA, SO, LA, TI, pamoja na UT na SI za mtindo wa zamani. Mengine ni sauti za mshangao, kama AH, EH, OW, HM, UM na SH. Mengine yametoka Scotland, ambako EE ni jicho na JO ni mpenzi. Mengine yametoka Hawaii, ambako AA ni lava yenye makwaruzo. Na mengine ni vifupisho vya mitaani, kama ZA, ambayo ni piza iliyokatwa kichwa. Ukiyajua kwa koo zake namna hii, hayabaki tena kuwa takataka za herufi.

Lakini kwa mtu aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili ipo njia fupi zaidi, na hii nimewafundisha watoto na watu wazima kwa miaka mingi. Kumbuka ule ubao wa silabi wa darasa la kwanza: ba, be, bi, bo, bu. Chukua ubao huohuo na uuweke juu ya orodha ya Collins. Mstari wa M umekamilika wote: MA, ME, MI, MO, MU. Mistari ya B, D, H, P na T yote ina a, e, i, o, na yote imekosa u: kwa hiyo BA, BE, BI, BO ni maneno halali lakini BU hapana, na vivyo hivyo hadi TA, TE, TI, TO bila TU. Mistari ya N na Y imekosa i peke yake: NA, NE, NO, NU, kisha YA, YE, YO, YU. L ina LA, LI, LO, na K ina KA, KI, KO. Z ina ZA, ZE, ZO. G imegeuka, ina GI, GO, GU. Zinazofuata ni haba: SI na SO, JA na JO, FA na FE, WE na WO, XI na XU, halafu RE peke yake na QI peke yake. V haina kitu. C nayo haina silabi hata moja. Neno lake pekee la herufi mbili ni CH, kiwakilishi cha kale cha lahaja moja ya Uingereza.

Hesabu silabi hizo na utapata maneno 57, karibu nusu ya yote 127, nawe ulianza kuziimba kabla hujajua kuna lugha inayoitwa Kiingereza. Viambishi vyetu vya mahali, yaani yupo, yuko na yumo, vinakupa PO, KO na MO bila kukosa hata kimoja. Ila Kiswahili hichohicho ni mtego. NI, KU, WA, TU na JE hazimo kabisa. Mimi mwenyewe niliwahi kuweka NI katika mchezo wa mashindano, kwa uhakika wa mtu anayeandika sentensi, likapingwa, nikatoa kete zangu na zamu ikapotea. Tangu siku hiyo nawaambia wanafunzi wangu kwamba neno likija haraka mno kichwani, waulize kwanza limekuja kwa lugha gani.

Udhaifu wetu uko upande mwingine wa ubao. Katika maneno yale 127, 60 huanza kwa irabu, na mengi kati ya hayo hufungwa na konsonanti: AB, AD, AG, ED, EF, ET, ID, OB, OD, OP, UG, UN, UR. Kwa kuwa maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwa irabu, jicho letu hutafuta konsonanti kisha irabu, na linapokutana na A mbele ya G linapita kama halikuona kitu. Nimeona wachezaji wazuri kabisa wakiwa na kete zinazotoa ILK au IRK au ADZ, wakabadilisha kete kwa kudhani hawana neno. Kwa hiyo, utakapoanza kujifunza, usianze na yale ya silabi zetu, ambayo yatakuja yenyewe. Anza na haya 60. Yaliyobaki baada ya makundi hayo mawili ni kumi tu: BY, FY, KY, MY na NY, kisha CH, HM, MM, SH na ST.

Sasa turudi kwenye Q yako, ambayo ina hadithi ya kupendeza. Waingereza wa kale hawakuwa na desturi ya QU. Neno la malkia, ambalo leo ni QUEEN, waliliandika kwa CW. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, waandishi waliozoea Kifaransa walileta QU, na tangu hapo Q na U zimekuwa kama kinu na mchi. Ndiyo maana mchezaji anayeshika Q hukaa akiingoja U. Usingoje. Katika mfuko wote kuna U 4 tu na kete tupu 2, zinazosimama badala ya herufi yoyote, na kila zamu unayongoja unacheza kwa kete 6 huku mwenzako akicheza kwa 7. I ziko 9. QI ndiyo inayokuokoa, na wingi wake ni QIS. Ukiipata Q kwenye mraba unaozidisha herufi mara tatu, na QI ikasomeka kwa ulalo na kwa wima pia, Q inahesabiwa mara mbili: 31 na 31, yaani alama 62 kwa neno la herufi mbili.

Maneno mengine ya Q isiyofuatwa na U, kama si ya Kichina, mengi yametoka katika Kiarabu, ambako Q inasimama mahali pa herufi qaf, na hapa mtu wa pwani ana mtaji ambao hajaufungulia sanduku. Sisi qaf tuliigeuza kuwa K. Kadhi wetu ni QADI, wakfu ni WAQF, talaka ni TALAQ, kibla ni QIBLA, kasida ni QASIDA, nikabu ni NIQAB, fakiri ni FAQIR, na soko letu lina asili moja na SUQ. Mirungi, au miraa kwa wenzetu wa Kenya, ni QAT. Ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani katika taarabu ya Unguja ni QANUN. Maneno hayo yote yamo katika orodha ya Collins. Usichukue kila neno letu la Kiarabu lenye K na kulivalisha Q, kwa sababu majina maalumu hayakubaliki na maneno mengine hayajaingia, lakini ukikwama jiulize kama kwenye kibao chako kuna neno ulilowahi kulisikia msikitini au mahakamani kwa kadhi. Nakwambia hivyo kwa sababu TALAQ ni vigumu kulikariri kwa mtu wa Leeds kule Uingereza, ila kwako wewe ni suala la kubadilisha herufi moja na kudondosha irabu ya mwisho.

J, X na Z nitazipitia kwa haraka, maana si wagonjwa sana. Kiingereza hakipendi kumaliza neno kwa J. Hutumia GE au DGE, kwa hiyo itafute J mwanzoni: JA, JO, kisha JAB, JAR, JET, JIG, JOT, JUG. Zinazoishia kwa J ni za kuazima, nasi tunazijua: HAJ ni hija, na RAJ ni utawala, kwa lugha ya Kihindi. X ni kinyume chake, hukaa mwishoni: AX, EX, OX, na mbele yake unaweza kubandika herufi nyingine ukapata TAX, WAX, FAX, au BOX na FOX. Kwa kuwa X ina maneno matano ya herufi mbili, ukihesabu XI na XU, mraba wa mara tatu ulio karibu na irabu mbili ni dhahabu: AX kwa ulalo na OX kwa wima vinakupa alama 50 kwa kete moja. Z, pamoja na ZA, ZE na ZO, ina ZAP, ZIP, ZIT, ZOO, ZED, FEZ, BIZ na ile ADZ niliyoitaja, ambayo ni tezo ya seremala.

V ndiyo mgonjwa wa kweli, na kwa maoni yangu ndiyo iliyokuumiza zaidi ya Q. Aliyebuni mchezo huu, msanifu majengo Alfred Butts wa jimbo la New York, katika miaka ya 1930 alihesabu herufi katika kurasa za magazeti ili aamue kila herufi iwe na kete ngapi na alama ngapi. Kwa hiyo alama zinaonyesha herufi inavyoonekana gazetini, wala hazionyeshi ugumu wake mezani. Magazetini V ipo kwa wingi ndani ya HAVE, GIVE, OVER na EVERY, akaipa alama 4 tu; mezani haina neno hata moja la herufi mbili. Sababu yake ni ya kihistoria. Zamani U na V zilikuwa herufi moja yenye maumbo mawili, na neno likiishia nayo msomaji hakujua kama ni irabu au konsonanti. Waandishi wakaweka E baada yake, na E hiyo imeganda hadi leo katika LOVE na LIVE ingawa haitamkwi. Ndiyo maana kila unapotafuta neno fupi linaloishia kwa V unagonga ukuta, isipokuwa machache ya mazungumzo kama REV, GUV na LUV.

Dawa yake ni maneno ya herufi tatu, na inatosha kuanza na yale ambayo V imezungukwa na irabu au imeshikwa na Y: AVA, AVE, AVO, EVE, OVA, UVA, VIA, VIE, IVY. Kisha VAN, VAT, VET, VEX, VIM na VOW, ambayo huenda unayajua tayari. Na kuna faida moja iliyofichika. Kwa kuwa V haina neno la herufi mbili, hakuna anayeweza kuweka herufi moja ubavuni mwake na kupata neno. Atahitaji neno refu zaidi linalopita juu yake. Ukiwa unaongoza na unataka kuufunga ubao, V yako inakuwa kama jiwe mlangoni. Ningekuwa wewe Ijumaa ile, nikiongoza kwa alama 9, V ningeipeleka upande ambao mwenzangu alikuwa akiunyemelea.

Sasa programu yako. Si mbaya, ila unaiuliza swali lisilo sahihi. Ukiandika Q peke yake unaiambia ikupe kila neno lenye Q popote, la urefu wowote, nayo inatii. Mezani swali lako huwa jingine: kwa kete hizi saba, na kwa herufi ile iliyoko ubaoni, ni maneno gani yanaundika? Programu nyingi zina nafasi ya maswali yote mawili, na zina mahali pa kuweka kikomo cha urefu. Weka Q, weka urefu wa herufi mbili hadi nne, na ule mto wa mamia utakuwa kijito. Kete tupu kwa kawaida huandikwa kwa alama ya kuuliza.

Inafaa pia ujue inavyofanya kazi, kwa sababu unaweza kuiiga kwa kichwa. Kompyuta huchukua kila neno la orodha na kupanga herufi zake kwa mfuatano wa alfabeti, kisha huliweka kwenye kundi lenye mpangilio huo. ATE, EAT, ETA, TAE na TEA zote zinakuwa AET. Unapoingiza kete zako, nazo hupangwa hivyohivyo, na kompyuta hulinganisha kila fungu linaloweza kutoka humo. Kete saba tofauti zinatoa mafungu 120 ya herufi mbili au zaidi. Wewe hutaweza mafungu 120 kwa dakika moja, lakini unaweza kujifunza kwa mtindo uleule. Katakata vikadi vya karatasi ngumu, upande mmoja andika AET, upande wa pili andika maneno yote matano. Jiulize ukiwa umeangalia upande wa kwanza, na usigeuze mpaka umejaribu kujibu. Kosa linalofanywa na wengi ni kusoma orodha tena na tena kama wanaosoma tangazo. Macho yanaizoea, na mtu anadhani ameijua. Mezani huulizwi kutambua neno. Unatakiwa ulitoe mwenyewe, kwa hiyo fanya mazoezi ya kulitoa.

Maneno matano kwa siku yanatosha. Ukiondoa kama 30 unayoyajua tayari, yale 127 yatakuwa yamekwisha kwa siku zipatazo 20, hasa ukiyarudia ya juzi kabla ya kugusa ya leo. Baada ya hapo nenda kwenye maneno mafupi ya J, Q, X na Z, kisha ya V. Maneno ya herufi tatu kwa jumla yanazidi 1,300, na sikushauri uyabebe yote mwaka huu. Kuhusu maana, kanuni hazikudai, lakini mimi nakushauri uisome mara moja, kwa sababu akili hukataa kushika ZO tupu na hukubali kumshika mnyama mwenye manyoya.

Kuna jambo ambalo orodha haitakutatulia, nalo ni uamuzi wa kubadilisha kete. Maadamu mfukoni zimebaki kete 7 au zaidi, unaruhusiwa kurudisha kete na kuchukua nyingine kwa gharama ya zamu moja. Watu huona aibu kufanya hivyo. Ikiwa una Q, huna I mkononi, ubaoni hakuna I iliyo wazi na huoni SUQ wala QAT, basi kuirudisha mapema ni busara kuliko kuilea mpaka mfuko unapungua na mlango unafungwa. Lakini ikiwa una Q na I tayari, na unangoja tu mraba mzuri, ngoja zamu moja au mbili, si zaidi. Hapo hakuna kanuni isiyo na ubaguzi, na hata mabingwa hutofautiana.

Kabla ya Ijumaa kubalianeni pia ni orodha ipi mnayoitumia. Marekani na Kanada zina orodha yao, ambayo CH, JA, KO na ZO hazimo, na programu nyingi za simu huja na hiyo. Ikiwa yako ni ya Marekani na mwenzako anatumia Collins, mtagombana kila wiki na kila mmoja atakuwa na haki. Andikeni jina la orodha nyuma ya boksi la mchezo, teueni simu moja ya kuamulia pingamizi, na nyingine zote ziwekwe mbali. Programu ya kutafuta maneno ni ya nyumbani, kabla ya mchezo na baada yake. Ikifunguliwa chini ya meza katikati ya mchezo, huo ndio udanganyifu uliouogopa.

Maandishi yangu yana mwisho wa msaada wake. Ukishazijua 127 na bado unafungwa kwa alama nyingi, tatizo litakuwa katika namna unavyochagua mahali pa kuweka na kete unazobakiza, na hilo halirekebishiki kwa barua. Lazima mtu akae nyuma yako mchezo mzima, aone unavyofikiri, akuulize kwa nini umeitumia S hapo. Ikiwa kuna klabu ya Scrabble karibu nawe, nenda jioni moja, hata kutazama tu. Wachezaji wa klabu kwa kawaida hufurahi kuonyesha. Ikiwa hakuna, unaye mwalimu katika jengo lenu hilohilo, naye yuko stoo. Mwendee siku isiyokuwa ya mchezo, na ubao, na chai ya maziwa, umwombe mcheze kete wazi, kila mmoja akieleza anachokiona. Nawe mwambie kuhusu QADI na WAQF. Sidhani kama anazijua.